Mwashi Aliyekatazwa Kujenga

Mwacha pengo haimbi pekee.

Methali hii ilianza hivi. Na kabla sijasogea hatua moja, niliwaapia vijana waliokuwa wameketi nami barazani wakimenya mbaazi: naapa kwa meno yangu matatu yaliyobaki, hii ni kweli tupu, haina chumvi hata punje. Wakatazamana. Zighe, yule binti wa jirani mwenye macho ya hakimu, akacheka ndani ya kanga. Nikamwambia cheka, lakini mikono iendelee kumenya.

Wao ndio walioniuliza. Asubuhi ile walikuwa kwenye mkutano wa maji, wakamsikia mama mwenyekiti akimwambia chifu maneno hayo manne. Chifu alikuwa amesema saa mbili mfululizo bila kumeza mate, akakaa chini kama gunia lililokatwa kamba. Sasa vijana wanataka kujua pengo gani, na wimbo gani. Wana haki. Wengi huitumia methali hii kama kijiko cha kuazima: wanakulia tu, hawajui kimetoka jiko la nani.

Basi. Palikuwa na mwashi mmoja Mombasa, Mhindi wa Kachi, jina lake Lalji. Alikuwa fundi hasa. Aligonga jiwe mara moja, akalitegea sikio, akajua litapasukia wapi. Alijenga nyumba za wakubwa na za wadogo, na kila alipomaliza na kukabidhi ufunguo, alisimama kando ya barabara akiitazama nyumba kama mtu aliyesahau kitu ndani. Nyumba ishirini na ushei alizozijenga, na hakuna hata moja aliyokaribishwa baada ya rangi kukauka. Mke hakuwa naye. Ndugu walibaki ng'ambo, barua zao zikawa fupi, zikawa chache, zikaisha.

Siku moja alikuwa akitia viraka ukuta wa hekalu moja dogo, akamsikia mzee akiimba ndani. Mzee huyo aliitwa Bapu Govardhan, naye alikuwa sadhu, yaani mtu aliyeacha mali na jamaa ili amtafute Mungu. Alikuwa akiimbisha bhajani. Nyimbo hizo za ibada zina utaratibu wake: kiongozi huimba mstari, kisha hunyamaza, na waliokaa humwitikia. Kile kimya chake ni sehemu ya wimbo. Kiongozi asiponyamaza, hiyo si bhajani, ni kelele za mtu mmoja. Lalji akiwa juu ya jukwaa, mwiko mkononi, akajikuta anaitikia pamoja na waliokuwa ndani. Akaitikia mpaka saruji ikamkaukia kwenye karai.

Hakurudi kazini. Aligawa nyundo na patasi zake, akavaa kitambaa cha rangi ya chungwa, akapewa jina jipya, Sevadas. Kwa miaka mitatu alifagia, akachota maji, akajifunza. Mwaka wa tatu ukiisha akamwendea mwalimu wake.

"Bapu, naomba ruhusa nijenge nyumba ya bhajani. Nionyeshe tu ni wapi."

Mzee akacheka. "Nguo umebadilisha, lakini mikono bado ya mwashi. Ikiona kiwanja inawasha. Nisikilize. Hapa mjini waimbaji tumejaa, tunagombania hata nani apige ngoma. Wewe nenda pasipo na mtu wetu hata mmoja. Kila jioni imba, na uache pengo la jibu kama inavyopasa. Ukijibiwa, jenga hapo. Usipojibiwa, usiweke hata jiwe juu ya jiwe."

"Pasipo na mtu wetu, nani atanijibu, Bapu?"

"Nimekwambia uache pengo. Sijakwambia ulijaze."

"Na nisipojibiwa kabisa?"

"Miaka saba. Ikipita kimya, vua nguo hiyo urudi kwenye mwiko. Si aibu. Mungu ana haja na waashi pia." Halafu akaongeza sharti la watu wao: "Na usimwombe mtu kitu. Cha kuwekwa mbele yako, kula. Cha kuomba, hapana."

Sevadas akashika njia. Alifuata reli kwa miguu mpaka Voi, akakata kuelekea milima ya Taita, na kila alipofika akaona duka lenye jina la kwao, akapita. Mwishowe akafika chini ya mlima uitwao Mrungunyi. Palikuwa na chemchemi nyembamba, na mwamba uliojikunja juu kama kiganja, mtu akaweza kulala chini yake asilowe sana. Mashamba ya watu yalikuwa mbali juu, kwenye ukingo wa mlima, yakionekana kama viraka. Na kila mahali palikuwa na mawe. Mawe ya kijivu yaliyopasuka yenyewe kwa mistari iliyonyooka, kana kwamba fundi mwingine alikuwa ameyachonga, akayapanga, akaondoka.

Kwa mtu mwingine hayo ni mawe tu. Kwa Sevadas ilikuwa kama kumfungia mwenye njaa kwenye ghala la mchele, mdomo umeshonwa.

Jioni ya kwanza akaketi, akaimba mstari wake: "Hari, dwar kholo." Akanyamaza kwa urefu wa pumzi moja. Mtu hakujibu. Akaimba tena, akanyamaza tena. Kwa kawaida mstari ule huimbwa mara ishirini na moja. Akauimba mara ishirini na moja, akajikunja chini ya mwamba.

Watu wa mlimani walimwona. Wakamwita Mzee Chungwa kwa ajili ya nguo yake. Wao walikuwa na desturi yao: mtu akijitenga peke yake porini na kusema maneno yale yale kila siku, basi yuko kwenye kiapo, na mtu wa kiapo hasemeshwi mpaka aseme yeye kwanza. Hata hivyo hawamwachi afe njaa. Kwa hiyo asubuhi moja moja alikuta mkungu mdogo wa ndizi juu ya jiwe, au mihogo kwenye jani. Aliyeweka alikuwa keshaondoka. Sevadas alikula, akaliweka jani mahali pake likiwa safi, na mambo yakaishia hapo.

Mwaka wa kwanza alisubiri kama mtu anayesubiri treni: anajua itakuja, imechelewa tu. Mwaka wa pili alianza kuwasikiliza pimbi. Pimbi mmoja alikaa kwenye ufa wa mwamba, na kila mstari ulipoisha alipiga ukelele ndani ya pengo. Sevadas akafikiri sana. Bapu hakutaja jibu litoke kwa kiumbe gani. Siku nzima alitembea akiyatazama mawe, akachagua hata la pembeni. Lakini jioni chui alipokohoa bondeni, pimbi yule yule akamjibu na chui, kwa sauti ile ile. Sevadas akaona hapana, huyu hujibu yeyote.

Mwaka wa nne alisahau jina la mtaa aliokuwa akikaa Mombasa. Mwaka wa tano alipojikwaa akasema "ah!" na akageuka kutazama nani kasema. Wakati mwingine mchana aliokota mawe mawili yanayolingana, akashika moja juu ya jingine, yasigusane, nafasi ya kidole tu katikati. Akakaa hivyo mpaka mikono itetemeke. Kisha akarudisha kila moja lilikotoka.

Na kila jioni mara ishirini na moja, na kila mara pumzi moja ya kimya.

Ikafika wiki ya mwisho ya mwaka wa saba. Zilibaki siku nne. Jioni ile aliimba, "Hari, dwar kholo," akanyamaza, na mdomo wake ukafunguka wenyewe: "Kholo, Hari, kholo." Alijiitikia. Kwanza akaona joto kifuani, kama mtu aliyeingia nyumbani akakuta taa inawaka. Halafu akaisikia sauti yake jinsi ilivyo, sauti ya mtu anayezungumza katika nyumba isiyo na mtu. Hata hivyo jioni ya pili alijiitikia tena. Ya tatu hakuacha pengo kabisa. Aliunganisha mstari na jibu, mstari na jibu, mbio mbio, kama anayefagia nyumba aliyokwisha kuihama.

Asubuhi ya siku ya nne, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, alikunja mkeka, akafunga lota, kile chombo chake cha maji, kwa kamba. Akakusudia aimbe jioni ile kwa kutimiza hesabu, na kesho yake ashike njia ya Voi. Hapo ndipo aliposikia mawe yakiporomoka mlimani. Wanawake watatu walikuwa wanateremka. Wa mbele alikuwa mama wa makamo, mrefu, jembe begani, jina lake Mkang'ombe. Nyuso zao hazikuwa za salamu.

"Wewe Mzee Chungwa! Kiwe kiapo, kisiwe kiapo, leo nitasema. Sisi tumekukosea nini?"

Sevadas akajaribu sauti. Ilitoka kama bawaba ya mlango wa zamani. "Hamjanikosea, mama."

"Basi mbona umetunyang'anya?"

Akaangalia jani la mihogo. "Nilidhani mmeniwekea nile."

"Nani anasema mihogo! Kipande chetu! Kile cha *kholo, Hari, kholo*. Jioni ya kwanza tukasema labda mzee amepitiwa. Jioni ya pili tukagongana na wewe katikati, tukaaibika mbele ya watoto. Jana ndiyo hukutuachia hata nafasi ya kuvuta pumzi. Haya, sisi tuimbe wapi?"

Sevadas akakaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa tu. "Mlikuwa mnaitikia?"

"Anauliza kama tulikuwa tunaitikia!" Mkang'ombe aliwageukia wenzake. "Mzee, tangu mwaka ule ulipokuja. Binti yangu wa mwisho amezaliwa, ameachishwa ziwa, amepoteza meno ya mbele, na sasa anaitikia kunishinda mimi. Tukikusikia tunajua ni saa ya kuweka jembe chini. Ukingo mzima unaitikia."

"Sijawahi kusikia hata mara moja."

"Watu hamsini, hujawasikia?"

Jua lilikuwa limepanda kidogo na upepo wa bondeni ulikuwa umeanza. Wote wanne wakautazama moshi wa jiko lake. Haukupanda juu. Ulilala, ukatambaa moja kwa moja kuelekea mlimani, kama kila siku. Sauti yake ilikuwa ikichukuliwa namna ile ile hadi kwenye mashamba, na yao ikirudishwa nyuma yao.

"Na kwa nini hamkushuka kuniambia?" aliuliza taratibu.

"Mtu wa kiapo hasemeshwi. Na wewe, kwa nini hukupanda kuuliza?"

"Mimi sina ruhusa ya kumwomba mtu kitu. Hata jibu."

Mkang'ombe akatua jembe. "Yaani miaka saba tumeheshimiana mpaka tukakaribia kuuana." Akaketi naye juu ya jiwe. "Sasa nieleze. Tunaimba nini?"

"Hari ni jina la Mungu. Mimi nasema, fungua mlango. Na nyinyi mnasema, fungua, fungua."

Mama yule akautazama mwamba, akautazama mkeka uliokunjwa, akatazama uwanja mtupu kulia na kushoto. "Mlango gani, mzee wangu? Wewe hata ukuta huna."

Sevadas akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu atoke Mombasa, na katikati kilibadilika kikawa kitu kingine, mpaka wale wanawake wakageuza nyuso wakajifanya wanatazama chemchemi. Alipotulia akawasimulia sharti la mwalimu wake, jibu na jiwe, na miaka saba.

"Siku ngapi zimebaki?"

"Leo ndiyo ya mwisho."

"Basi jioni imba, utusikie."

"Nikiimbia hapa sitasikia. Upepo ni ule ule."

"Eh, basi panda wewe. Nitaimba mimi. Wimbo si ninaujua?"

Jioni Sevadas akapanda Mrungunyi kwa mara ya kwanza. Watu walikuwa wamekaa ukingoni, majembe pembeni, wazee, kina mama na watoto, wakamwachia nafasi bila maneno mengi. Chini kabisa palionekana mwamba wake, mdogo kama kiatu kilichotupwa. Akajiona alivyoonekana kwao miaka yote hiyo: nukta moja ya rangi ya chungwa mahali pasipo na kitu.

Kisha sauti ikapanda na upepo. Sauti nene ya Mkang'ombe, haina madoido: *Hari, dwar kholo.* Ikanyamaza pumzi moja. Na kila upande wake, watu hamsini wakafungua midomo.

Mara ya kwanza hakuweza. Mara ya pili akaitikia pamoja nao. Mpaka wanafika ya ishirini na moja, mtoto aliyekaa karibu naye, yule wa meno ya mbele, alikuwa ameshamsahihisha mara mbili, kwa kuwa wao walikuwa na mkunjo wao wa sauti mwishoni ambao yeye hakuujua.

Aliteremka na jiwe begani. Akaliweka chini. Akachukua la pili, akalishika juu yake kidogo, nafasi ya kidole. Akalishusha.

Nyumba ilijengwa kwa miezi minane, na mlima mzima ulibeba mawe. Ina kuta tatu tu. Upande unaotazama mlimani ni wazi. Waumini wa Voi na Mombasa walipoanza kuja kwa treni, wengine kwa makumi, walishangaa. Bwana mmoja mnene akamuuliza kwa jina la heshima, "Maharaj, umeishiwa mawe?" Sevadas akamjibu, "Hapana. Upande huo una wenyewe." Na sheria ya pale ikawa moja: kiongozi haimbi mstari wa pili mpaka amenyamaza pumzi nzima kwa ajili ya walio juu, hata kama chini hasikii kitu.

Nyumba ilipokamilika alimwandikia Bapu Govardhan. Jibu likaletwa na mkono wa mwanafunzi mwingine. Bapu alikuwa amefariki katika mwaka wa pili tangu amtume. Hawakujua wampelekee wapi habari. Sevadas akaisoma barua ile mara nyingi. Miaka mitano alikuwa ametimiza sharti la mtu ambaye hayupo.

Jioni ile, baada ya mara ishirini na moja, watu wakaanza kuinuka, lakini yeye akabaki ameinamisha kichwa. Aliimba mstari mara moja zaidi, akaacha pengo. Mlimani hawakulijua hilo, hawakuitikia. Akafanya hivyo kila jioni mpaka mwisho wa maisha yake. Mkang'ombe, aliyekuwa hana siri wala breki, alimuuliza siku moja, "Lile la mwisho ni la nani?"

"La aliyenituma."

"Anaitikia?"

Sevadas akafikiri. "Upepo ni mbaya upande huo," akasema.

Alipokufa, wakubwa kutoka mjini walisema maneno mazuri kwenye maziko yake. Mmoja akalia kwamba maskini mtu wa Mungu, miaka saba peke yake porini, hana hata wa kumwitikia. Mkang'ombe alikuwa bibi kizee sasa, anashikwa mkono. Akasimama bila kuitwa.

"Peke yake?" akasema. "Nyinyi mnaijua kweli kazi yetu sisi, ya kumwitikia? Mwacha pengo haimbi pekee."

Hapo ndipo ilipoanzia.

Nikanyamaza. Niliona nimemaliza vizuri. Maganda ya mbaazi yalikuwa yamejaa miguuni mwa vijana. Ndipo Zighe akasema, "Babu."

"Naam."

"Ile ya pimbi. Na kusema 'ah' akageuka. Na yale mawe mawili. Si alikuwa peke yake? Nani alimwona?"

Nikamwambia upepo ulikuwa unapanda mlimani, kwa hiyo kule juu walisikia kila kitu.

"Walisikia mawe yasiyogusana?"

Nikakitazama kikombe changu. Chai ilikuwa imekwisha zamani. "Huenda alimsimulia Mkang'ombe," nikasema.

"Huenda?"

Jamani, mtoto huyu atakuja kuwafunga watu. "Haya," nikasema. "Hapo katikati hapakuwa na mtu wa kunisimulia. Nilipaona patupu, nikapajaza."

"Yaani umejiitikia mwenyewe, babu," akasema Zighe, na wenzake wakaangua kicheko mpaka sinia likapinduka. "Lipa! Tupe mji!"

Nikawapa Voi, kama ashindwaye kitendawili. Wakasema Voi niliwapa kwenye ile ya fisi aliyekwenda kuposa. Nikawapa Mwatate. Mwatate niliwapa mara mbili. Nikajaribu Taveta, wakaguna.

"Miji imekuishia," akasema Zighe. "Imba."

Mimi sauti yangu hata kuku huikimbia. Lakini aliyeshikwa hulipa. Nikakohoa, nikaimba, "Hari, dwar kholo," nikanyamaza.

Wakanitazama, wahuni wale, mikono imetulia kwenye mbaazi, mdomo haukufunguka hata mmoja. Pumzi ya kwanza ikapita. Na hili silitii chumvi: sikuwahi kujua pumzi moja ina urefu gani. Barabara ilikuwa kimya. Mdomo wangu ukaanza kuwasha wenyewe, nikauma ulimi kwa yale meno matatu. Ikapita ya pili.

Zighe akaokota ganda moja, akalipasua kwa kidole gumba. Bila kuinua macho akaitikia, polepole, "Kholo, Hari, kholo." Wengine wakamfuata.

Mwacha pengo haimbi pekee.